Nilivyofunga taa za rivasi za nyongeza kwenye Land Cruiser langu

Taa za rivasi zilizokuja na Land Cruiser langu ni glopu mbili za wati 21 kila moja. Mjini zinatosha. Mjini kuna taa za maduka, kuna magari mengine, na kuna kijana wa maegesho anayekugongea bodi, "njoo, njoo, kata kulia, hapohapo!" Kwenye njia ya kwenda chini ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai saa sita za usiku hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Wanaoupanda mlima ule huanza kutembea usiku wa manane ili alfajiri iwakute kileleni, mita 2,962, na washuke kabla jua la bonde la Ziwa Natron halijawa kali. Kwa hiyo dereva anatoka kijiji cha Engaresero gizani, anapita kwenye majivu ya volkano yaliyochimbwa na maji ya mvua, anawashusha wageni na mwongozaji wao, halafu anatakiwa ageuze arudi kambini. Pa kugeuzia si popote. Mara nyingi unarudi kinyumenyume mpaka upate mahali pa kuingiza mkia wa gari, upande mmoja korongo, upande wa pili manyasi yaliyoficha mawe. Na korongo lenyewe halitulii, mvua moja kubwa inalipanua likaingia kwenye njia uliyoizoea.

Nilikuwa namtegemea mwongozaji ashuke na tochi yake ya kichwani, asimame nyuma anielekeze. Tatizo la tochi ya kichwani ni kwamba mtu akikutazama, inakutazama na yeye. Inapiga kwenye kioo cha pembeni, huoni mkono wake, huoni shimo, unabaki kusikia "twende, twende" na kuomba Mungu. Nikaamua gari lenyewe ndilo limulike nyuma.

Kabla ya kununua chochote nilichukua mita nipime kilichokuwepo. Gari langu ni la watalii, yaani lilirefushwa: chasisi ilikatwa ikaongezwa kipande katikati, bodi ikajengwa upya, na nyaya zinazokwenda nyuma zikaungwa ili zifike. Niliwasha funguo bila kuwasha injini, nikaingiza rivasi, nikapima kwenye betri. Volti 12.5. Nikaenda nyuma, nikapima kwenye soketi ya glopu ikiwa inawaka. Volti 11.1. Volti 1.4 zilikuwa zinapotelea njiani, na glopu za kizamani zina tabia moja mbaya, mwanga wake hushuka haraka kuliko volti. Ukiipunguzia asilimia 11 ya volti, inakupunguzia karibu theluthi ya mwanga.

Nilipobandua tepu kwenye viungo nikakuta nyaya zimesokotwa kwa vidole tu, bila risasi ya kulehemu, na shaba imegeuka kijani. Nikakata sehemu mbovu, nikaunga upya kwa kulehemu, nikavalisha mpira unaonywea ukipashwa moto. Soketi ikasoma 12.2. Mtu anayetaka kuona vizuri tu anaporudi nyuma kwenye geti la nyumbani anaweza kuishia hapo, na atakuwa ametumia fedha kidogo sana. Mimi nilikuwa na makorongo ya kufikiria.

Dereva mwenzangu mmoja, mtu mzuri na mwepesi wa ushauri, akaniambia, "Kaka, nunua spotlaiti mbili, unga hapohapo kwenye waya wa rivasi. Waya ni waya." Ni njia inayotumiwa na wengi, na ndiyo inayowaletea kazi mafundi umeme. Waya wa rivasi ni mwembamba. Umeme unatoka kwenye fyuzi ndani ya dashibodi, unashuka kwenye swichi iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, swichi hiyo inafunga njia gia ya rivasi inapoingia, kisha umeme unaelekea nyuma. Mzigo wake wa kawaida ni wati 42, yaani ampea 3.5 hivi. Ukiongeza spotlaiti mbili za halojeni za wati 55, umeongeza ampea 9 juu yake. Fyuzi ya ampea 10 inakatika. Kwenye gari langu fyuzi hiyohiyo inalisha mita za dashibodi, kwa hiyo ikikatika unapoteza taa pamoja na kipimo cha mafuta na cha joto la injini. Atakayeona suluhisho ni kuweka fyuzi kubwa zaidi ameugeuza waya kuwa ndiyo fyuzi, na vichwa vya ndani ya ile swichi ya giaboksi vinaanza kuungua kidogokidogo. Kuibadilisha kunakutaka ulale chini ya gari na oili ya giaboksi ikudondokee mkononi.

Njia ninayoiamini ni ya rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Swichi ya giaboksi inakuwa kama mtu anayepuliza filimbi tu, mzigo wanaubeba wengine. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12, ile sumaku ya ndani inayoivuta, inakula ampea 0.15 hadi 0.2. Mfumo wa rivasi haujui hata kama umeongezewa kitu. Umeme wa taa mpya unatoka moja kwa moja kwenye betri, kwa waya wake na fyuzi yake.

Neno moja kwa wenye Land Cruiser za zamani za dizeli: hakikisheni kwanza kama gari lenu ni la volti 12 au 24. Kuna yanayozunguka mitaani yenye betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, na rilei ya volti 12 ukiipa 24 haitadumu. Mita itakwambia kwa sekunde moja.

Kwenye taa nilichagua LED za mraba, ndogo kuliko kiganja, zenye mwanga wa kumwagika. Taa za mwanga wa kuchoma mbali zina kazi yake mbele ya gari. Nyuma hutaki kuona kilicho mita mia mbili, unataka kuona kilicho kwenye mita kumi za mwanzo, na upana wake wote. Dukani zilikuwa zimeandikwa wati 27. Nikamwomba muuzaji betri, nikapitisha umeme kwenye mita upande wa ampea, ikasoma 1.3. Ukizidisha kwa volti 12.6 unapata wati 16 na ushee. Sikugombana naye, hizo namba za kwenye maboksi tumezizoea, na wati 16 za LED nyuma ya gari ni mwanga mwingi. Nilichokikazia macho zaidi ni namba ya IP. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na sita ndiyo ya juu, vumbi haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji, na saba maana yake taa inaweza kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Kwa hiyo nilitafuta IP67. Majivu ya Lengai ni laini kama unga, yanapenya hata pale ambapo maji yangeshindwa.

Kuna kipimo kingine nilichokifanya palepale dukani ambacho sijaona watu wengi wakikifanya. Nilikuwa nimekwenda na gari, nikawasha redio koli, nikaisogeza taa karibu na antena ikiwa inawaka. Taa ya kwanza ilifanya redio ikoroge kelele, shiiii, kiasi kwamba mtu akiita kutoka mbali humsikii. Ndani ya hizi taa kuna saketi ndogo ya kupunguza volti, na zile za bei ya kutupa hurusha kelele zake hewani. Nikajaribu ya aina nyingine, redio ikakaa kimya. Nikachukua hizo mbili, bei ilikuwa juu kidogo. Kwenye kazi yetu redio ndiyo inayokuleta msaada ukinasa, siwezi kuiziba masikio kwa ajili ya taa.

Vitu vingine: rilei moja ya ampea 30 yenye diodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kishikilia fyuzi chenye kifuniko cha mpira, fyuzi ya ampea 10, swichi ya hatua tatu, waya wa milimita mraba 2.5, soketi mbili za kuzuia maji, na bomba la plastiki lenye mikunjo la kupitishia nyaya. Waya uwe wa nyuzi nyingi, ule unaolegea mkononi. Ule wa nyumba wenye nyuzi moja nene usiutie kwenye gari la porini hata ukipewa bure, mtikisiko unaukatia ndani ya ganda lake na kwa nje unaonekana mzima. Mtautafuta huo mpaka mchoke.

Kuhusu unene wa waya kuna watakaosema 2.5 ni kubwa mno kwa ampea 2.6. Ni kweli kwa hesabu. Kutoka betri hadi nyuma kwangu ni kama mita saba. Kwa waya wa 2.5 upotevu ni volti 0.13 tu, kwa waya wa 0.75 ungekuwa 0.42, na LED zingewaka vilevile. Lakini waya mnene unavumilia kuvutwa, unavumilia kugandamizwa na kichwa cha waya, na siku nikitaka kuongeza taa ya kumulikia jiko la kambi njia ipo tayari.

Kazi yenyewe nilianza kwa kufungua hasi ya betri. Hasi kwanza, chanya baadaye, kwa sababu spana ikiwa kwenye chanya na ikagusa bodi huku hasi bado imefungwa, utaona cheche utakayoisimulia. Kisha nikapitisha waya mkubwa. Hapa ndipo pametumia muda wangu mwingi, na sijutii. Nilifuata chasisi kwa upande usio na bomba la moshi, juu ya chuma na si chini yake, kwa sababu chini ndiko mawe yanakopiga. Nilikaa mbali na mabomba ya breki. Kwenye springi nilipita pale ambapo hata gari likibonyea hadi mwisho hakuna chuma kinachofika. Pale waya unapotoka kwenye chasisi kuingia kwenye bodi niliacha kitanzi cha ulegevu, maana vitu hivyo viwili havichezi pamoja, gari likipanda jiwe kwa gurudumu moja utaona jinsi bodi inavyokwenda kwake na chasisi kwake. Kila tundu la bati nililopitia nililivalisha mpira. Bati lililotobolewa kwa drili lina meno, na meno yale yanatafuna waya taratibu mpaka siku ya shoti.

Fyuzi niliiweka karibu kabisa na betri, chini ya kipimo cha shubiri moja. Kuna tabia ya kuweka fyuzi karibu na taa, kana kwamba taa ndiyo inayolindwa. Fyuzi inaulinda waya. Ukichubuka katikati ya safari ukagusa chasisi, ile sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi ndiyo inayobaki bila ulinzi, kwa hiyo iwe fupi kadiri inavyowezekana.

Rilei niliifunga kwenye ukuta wa ndani wa boneti, miguu ikitazama chini ili maji yasikae. Chini yake zimechapwa namba. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka betri baada ya fyuzi. 87 unapeleka kwenye taa. 85 unakwenda kwenye hasi, na 86 unapokea amri. Kwa kuwa yangu ina diodi, huwezi kubadilisha 85 na 86, chanya lazima iingie kwenye 86, vinginevyo unaiunguza diodi. Diodi hiyo inazima lile pigo la umeme linalorudi koili inapokatwa, pigo ambalo si zuri kwa vifaa vya kielektroniki vilivyo jirani. Kama rilei yako ina mguu wa tano, 87a, uache mtupu na uuvalishe kifuniko. Huo una umeme wakati rilei imelala, ukiunga taa hapo zitawaka muda wote isipokuwa ukiingiza rivasi, na utakuwa kichekesho cha gereji nzima.

Kupata waya wa rivasi kwenye bunda la nyaya kunahitaji utulivu. Sikwenda nyuma kwenye taa, nilifungua plastiki ya kizingiti cha mlango wa dereva, ambapo bunda la kwenda nyuma linapita. Nikarudisha hasi ya betri, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono juu, funguo imewashwa, injini imezimwa, gia kwenye rivasi. Kwa testa yenye sindano nikagusa waya mmoja baada ya mwingine. Uliowaka nikatoa gia, ukazimika. Nikarudisha gia, ukawaka. Halafu nikaujaribu huohuo kwa breki, kwa indiketa za pande zote mbili na kwa taa ndogo, na haukushtuka. Huo ndio wenyewe. Msitegemee rangi mliyosimuliwa na mtu, hasa kwenye gari lililorefushwa, fundi aliyeongeza kipande alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo. Kwenye Toyota rangi moja tu naiamini, mweupe wenye mstari mweusi ni hasi, na hata huo naupima.

Kuunga, nilichuna ganda kidogo bila kuukata waya, nikazungushia waya wangu mwembamba, nikalehemu, nikafunga tepu ya kitambaa juu ya ile ya umeme, kisha nikaufungia kwenye bunda ili usitikisike peke yake. Waya uliolehemiwa unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na ukiachwa uning'inie utakatikia hapohapo. Vile vibanio vya plastiki vya kubana tu kwa koleo, vinavyotoboa ganda la waya, nimeviona vikifanya kazi vizuri kwenye magari ya lami. Kwenye barabara ya matuta kama ile ya Engaruka sivitaki.

Sasa swichi, na hapa ndipo ningependa mtu asome polepole. Mimi nilitaka mambo mawili: taa ziwake zenyewe nikiingiza rivasi, na pia niweze kuziwasha gari likiwa limesimama, kwa mfano wageni wanaposhusha mizigo usiku. Wengi hufanya hivi: wanachukua umeme wa swichi ya mkono na kuuunga kwenye waya uleule wa rivasi unaokwenda kwenye rilei. Taa zinawaka, ndiyo, lakini umeme huo hauna adabu, unarudi pia kwenye waya wa rivasi hadi kwenye taa za kiwandani na kila kitu kilichoungwa humo. Kengele ya rivasi inapiga "pii, pii, pii" kambini watu wamelala. Kamera ya nyuma inafungua skrini.

Swichi ya hatua tatu inaondoa hilo. Ina miguu mitatu. Wa kati unakwenda kwenye 86 ya rilei. Wa upande mmoja unapokea waya wa rivasi. Wa upande wa pili unapokea umeme wa funguo, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 3. Ukiibonyeza juu, rilei inasikiliza giaboksi. Ukiibonyeza chini, inawaka kwa amri yako. Ikiwa katikati haisikii yeyote, taa za nyongeza zimelala na zile za kiwandani zinaendelea na kazi yake kama kawaida. Njia hizo mbili hazikutani hata siku moja kwa sababu swichi inaweza kugusa upande mmoja tu kwa wakati. Kutoka mguu wa kati nilichukua pia waya wa kitaa kidogo chekundu kwenye dashibodi. Kila rilei inapofanya kazi, kitaa kinawaka.

Kitaa hicho si urembo. Taa nyeupe zinazotazama nyuma huku gari linakwenda mbele zinampofusha anayekufuata, na trafiki akikusimamisha kwa kosa hilo huna la kujitetea. Nikifika Mto wa Mbu, lami inapoanza, swichi inakwenda katikati. Hata mjini kwenye maegesho naiacha hapohapo, kwani mwanga huo ukimpiga mtu aliyeketi kwenye kibanda cha chipsi utasikia maneno yake.

Hasi za taa sikuzifunga kwenye bodi. Bodi imekaa juu ya mipira, imepakwa rangi tabaka kwa tabaka, na huwezi kujua umeme wake unarudi kwa njia gani. Nilikwenda kwenye chasisi, nikasugua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, nikafunga kichwa cha waya kwa bolti na washa yenye meno, nikapaka grisi juu yake. Taa zikiwa zinawaka nikaweka sindano moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya taa. Ilisoma volti 0.04. Ikisoma nusu volti au zaidi, fungua usugue tena, hata kama taa zinawaka. Hasi mbovu ndiyo inayoleta yale maajabu ya ukikanyaga breki taa ya rivasi inafifia.

Mahali pa kuzifunga nilibishana na kijana wangu wa gereji. Yeye alitaka juu, karibu na paa, "zimulike mbali, bosi." Usiku kwenye vumbi taa ya juu inamulika vumbi. Unapolisimamisha gari ghafla, wingu ulilokuwa unalikimbia linakufikia na kukaa nyuma yako, na kwenye kioo unaona ukuta mweupe. Mlango wa nyuma nao niliukataa, maana kila ukifunguliwa waya unakunjwa, na unabeba tairi la akiba. Nikazifunga chini, kwenye pembe za bampa, ndani kidogo ya ukingo ili jiwe au mti upige bampa kwanza.

Halafu sikuzielekeza sawa. Usukani uko kulia, kwa hiyo upande wa kulia natoa kichwa dirishani naona gurudumu langu. Upande wa kushoto ndio ulionificha makorongo miaka yote. Taa ya kulia nimeielekeza nyuma moja kwa moja, imeinama. Ya kushoto nimeigeuza nje kidogo, imeinama zaidi, hadi mwanga wake unagusa ardhi kando ya gurudumu la nyuma na kwenda nyuma kama mita tano. Kuzirekebisha nilisubiri giza uwanjani nyuma ya nyumba, nikapanga ndoo na mawe, nikakaa kwenye kiti cha dereva nikawa namwambia kijana "shusha, shusha, geuza kidogo nje, kaza." Usifanye kazi hiyo ukiwa umesimama nyuma ya gari. Kinachohesabika ni unachokiona kwenye vioo, na kuna mwangaza mzuri ukiwa nje ambao ukikaa ndani unakuwa mng'aro kwenye kioo cha pembeni na huoni kitu. Mimi ilinibidi nizishushe kuliko nilivyodhani.

Safari iliyofuata ya Lengai mwongozaji alishuka kama kawaida na tochi yake, akazunguka nyuma. Nikaingiza rivasi. Akasimama pembeni, akazima tochi, akasema, "Haya, rudi mwenyewe, mimi nakuangalizia tu kushoto." Ukingo wa korongo ulionekana wote, hadi mizizi inayoning'inia kwenye udongo uliokatika, na lilikuwa karibu na tairi kuliko nilivyokuwa nafikiri miaka yote.

Matunzo yake ni madogo. Vumbi la kule lina magadi, linakula shaba na alumini, kwa hiyo nikirudi Arusha taa zinaoshwa kwa maji matupu ya ndoo. Mashine ya kuosha ya presha sitaki isogezwe karibu na rilei wala soketi. Kila nikibadilisha oili nachomoa soketi zote mbili, naangalia kama kuna kijani, natia vaselini kidogo, narudisha. Nakaza bolti ya hasi. Basi.

Taa ya kulia imeshapasuka kioo, jiwe lilitoka kwenye gurudumu la gari lililokuwa likinipita upande wa Gelai. Nilichomoa soketi, nikafungua bolti moja, nikaweka nyingine, wageni wakiwa bado wanapiga picha za punda milia. Yule dereva wa "waya ni waya" alikuwa nyuma yangu siku hiyo, akasimama akatazama. Jumamosi analeta gari lake. Nimemwambia aje na swichi ya hatua tatu, asije na ile ya hatua mbili akidhani tutabuni kitu.